Samli ya Vidonda na Kazi Inayoingoja Kwa Vonza

  Leo nina neno kuhusu samli. Si samli ya chapati wala ya pilau. Ni samli ya kupaka kidonda.

Nianzie Kwa Vonza. Ukitoka Machakos kuelekea Kitui, ukapita Masii, ukapita Wamunyu kwa wachonga vinyago, ukavuka Mto Athi, ndipo unapokifikia kituo hicho cha barabarani. Ni nchi kavu. Mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba hadi Disemba; ile ya Machi mara nyingi hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Utaona migunga, ng'ombe wadogo wenye nundu, mbuzi, na mizinga ya magogo, ile tuitayo miatu, imetundikwa juu ya miti. Na kwenye ukavu huo huo kuna kitu ambacho miji mikubwa kuliko Kwa Vonza haina: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na pia kampasi ya Kitui ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Maabara zipo, walimu wapo, vijana wapo. Ng'ombe, nyuki na miti ya dawa viko nje ya ua.

Ninayataja hayo mapema kwa sababu ndiyo shabaha yangu leo. Ninaamini kwamba elimu yetu ya dawa za vidonda inapotea, na kinachopotea kwanza si majina ya miti. Ni namna ya kupika.

Tuanze na samli yetu wenyewe. Ng'ombe wa kienyeji katika Ukambani, ndama wake akishanyonya, humwachia mama wa nyumba lita moja au mbili kwa siku, na wakati wa kiangazi hata hiyo moja ni ya kubembeleza. Maziwa yalikusanywa kidogo kidogo kwenye kitete, kile kibuyu kilichooshwa na kufukizwa moshi, yakaachwa yagande. Kisha yakasukwa. Ni kazi ya mikono na mgongo. Kibuyu husukwa huku na huku mpaka uhisi ndani pamebadilika, vipande vya siagi vimeanza kugongana. Siagi huopolewa, huoshwa, huwekwa jikoni juu ya moto mdogo. Maji hukauka, mashapo hushuka chini yakawa kahawia, na juu hubaki samli safi ya rangi ya dhahabu. Ili kupata kilo moja ya samli hiyo unahitaji yapata lita 20 hadi 25 za maziwa. Piga hesabu mwenyewe, msikilizaji: mama mwenye ng'ombe wawili wanaokamuliwa anakusanya wiki nzima na zaidi kwa ajili ya kilo moja.

Ndiyo maana samli ilikuwa mali. Wenye maduka wa Kihindi walioingia Ukambani zamani za ukoloni waliinunua na kuiuza mijini. Ile iliyobaki nyumbani haikumiminwa ovyo. Ilipakwa mtoto mwenye ngozi iliyopasuka kwa baridi ya Julai, visigino vilivyochanika, shingo ya ng'ombe iliyochubuliwa na nira. Na ilipakwa vidonda. Wakati mwingine peke yake, wakati mwingine baada ya kuchemshwa na kitu kingine: gamba la musemei, ule mgunga ambao ganda lake na tunda lake vina ukali unaokaza mdomo, au ute wa kiluma, huo mshubiri wetu mwitu ambao hata kuku wa Ukambani wanaujua, maana hutiwa kwenye maji yao ya kunywa wanapougua, au asali kidogo na nta.

Sasa ukimuuliza mama mzee leo, mwaitu, mlichanganya vipi? Atakutajia mti bila kusita. Ukimuuliza kiasi gani, moto wa namna gani, muda gani, ulijuaje kwamba imeiva? Hapo wengi hunyamaza kidogo, kisha wanasema, tulikuwa tunaona tu. Na ni kweli, walikuwa wanaona. Kuona huko ndiko taaluma yenyewe. Ila aliyekuwa anaona akifariki, jicho lake halirithiwi na mtu ambaye hakukaa naye jikoni.

Twende ng'ambo ya bahari, nikuonyeshe mahali ambapo kuona huko kuliandikwa.

Huko India, tiba ya jadi iitwayo Ayurveda ina tawi zima la upasuaji na vidonda. Kitabu chake kikuu cha upasuaji, kinachohusishwa na mganga Sushruta, kinaorodhesha njia 60 za kushughulikia kidonda, kuanzia kukiosha na kukikata nyama iliyooza hadi kurudisha rangi na nywele za ngozi iliyopona. Karne nyingi baadaye, karibu na karne ya 7, mganga mwingine, Vagbhata, aliandika kitabu ambamo imo samli ya vidonda inayoitwa jatyadi. Wahindi wanaitengeneza hadi leo. Ndani yake mna majani ya asumini, mwarobaini, manjano, urukususu, nta ya nyuki, na mizizi na magamba mengine, jumla zaidi ya kumi. Na mna mrututu, lile jiwe la buluu ambalo wazee wa Pwani walilinunua madukani na kulipaka vidonda. Kuhusu mrututu nitarudi, maana ni kitu cha kuogopwa.

Tena India hiyo si mbali nasi kama tunavyodhani. Familia nyingi za Wagujarati walioifungua biashara ya Kenya, hasa Waoshwal, walitoka vijiji vinavyouzunguka mji wa Jamnagar, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Mji huo huo wa Jamnagar una chuo kikuu cha Ayurveda kilichoanza mwaka 1967, na mwaka 2022 liliwekwa hapo jiwe la msingi la kituo cha Shirika la Afya Duniani cha dunia nzima cha tiba za jadi. Kwa hiyo tunazungumza habari za watu ambao babu zao walikaa kaunta moja na babu zetu, samli ikiwa katikati yao kwenye debe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Samli ya kidonda huko India inapikwaje?

Kwanza samli yenyewe hutayarishwa. Huyeyushwa kwa moto mdogo, ikatiwa manjano, maji ya limau, matunda makavu ya dawa, na ndago. Naam, ndago, yale magugu tunayoyalaani kila palizi. Huongezwa maji, hupikwa mpaka maji yote yaishe, huchujwa. Hapo bado si dawa. Imeondolewa ubichi wake tu, ili ipokee dawa vizuri na isichache upesi.

Kisha ndipo dawa iingie. Na hapa kuna kipimo: sehemu moja ya majani na mizizi iliyopondwa ikawa rojo, sehemu nne za samli, sehemu 16 za maji. Kwa kipimo cha jikoni ni robo kilo ya rojo, kilo moja ya samli, lita nne za maji. Maji hayo yanaweza kuwa yaliyochemshiwa magamba mpaka yakapungua yakabaki robo, au yakawa maziwa, au yaliyokamuliwa kutoka majani mabichi.

Utauliza, maji yote hayo ya nini, ikiwa mwisho wake yatakauka? Swali zuri. Maadamu maji yamo chunguni, joto la chungu halipandi sana kupita lile la maji yanayochemka. Kwa hiyo majani hayaungui na samli haiungui, hata ukipika saa nyingi. Na kuna jambo la pili. Baadhi ya nguvu za mmea huyeyuka majini, nyingine huyeyuka kwenye mafuta tu. Yatazame manjano: ule utajiri wake wa rangi hukataa maji na kukubali mafuta. Mimea na samli vikikaa pamoja katika maji yanayotokota polepole, maji hufungua mmea, na samli hupokea kile kinachoifaa. Watu waliogundua hilo hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na chungu, subira na vizazi vingi vya kujaribu.

Na kuiva je? Vitabu vya Ayurveda vinatoa dalili, na dalili hizo ni za vidole, za sikio na za macho. Chukua rojo kidogo, lisokote kati ya kidole gumba na cha shahada. Likisokoteka likawa kama utambi bila kunata, maji yamekwisha. Litupe motoni. Likitatarika, bado lina maji. Likiungua kimya, limeiva. Tazama povu. Kwenye samli, povu hutulia mapishi yakikamilika. Kwenye mafuta ya mbegu huwa kinyume, povu huinuka. Kuna madaraja matatu ya kuiva, laini, la kati na gumu, kila moja na matumizi yake, na ukipita lile gumu umeunguza, mwaga uanze upya. Isitoshe, waganga hao walishikilia kwamba samli ya dawa isimalizwe siku moja. Ipikwe, ilale, iendelezwe kesho, ili dawa ipate muda wa kuingia. Ikiiva huchujwa kwa kitambaa ingali moto, na nta hutiwa wakati huo ili igande kuwa malhamu.

Iko pia samli nyingine ambayo mimi huistaajabia zaidi, na haina mmea hata mmoja. Samli tupu huwekwa kwenye chombo cha shaba, hutiwa maji, hukandwa kwa kiganja, maji humwagwa, hutiwa mengine. Mara 100. Mwishoni ile samli ya njano yenye harufu ya maziwa imegeuka krimu nyeupe, laini, baridi, isiyonata, na hupakwa mahali palipoungua na palipovimba kwa joto. Hiyo ni krimu kamili iliyotengenezwa kwa mkono na maji.

Hebu sasa ipeleke krimu hiyo Kwa Vonza. Mara 100 za maji! Hapa ambapo mama anateremka mtoni, anafukua mchanga, anasubiri maji yachuruzike, anajaza mtungi wa lita 20 na kumtwika punda. Utaratibu huo ulizaliwa nchi yenye visima na mito ya masika makubwa. Ndiyo maana sisemi tuuchukue upishi wa Jamnagar tuupandikize Ukambani. Nasema tujifunze walichokifanya: waliandika kipimo, moto na dalili. Sisi nasi tuna upishi wetu, uliotokana na ukavu wetu. Huo ndio tuuandike.

Mtu atasema, lakini mafuta kwenye kidonda, hilo si jambo la kizamani tu? Sivyo. Wamisri wa kale, katika maandishi yao ya upasuaji yenye umri wa takriban miaka 3,600, walifunga majeraha kwa shahamu, asali na pamba ya kitani. Na mwaka 1962 mwanasayansi George Winter alionyesha, kwa majaribio juu ya nguruwe, kwamba kidonda kinachohifadhiwa na unyevu huota ngozi mpya upesi mara mbili hivi kuliko kile kinachoachwa kikauke na kufanya gamba. Kabla ya hapo madaktari wengi walisema kidonda kiachwe kikauke. Bandeji nyingi za kisasa zinazouzwa kwa bei ya juu zinafuata ugunduzi huo. Samli huzuia unyevu usitoroke. Asali ina maji machache na uchachu unaowashinda vijidudu wengi, na leo hospitali za nchi mbalimbali hutumia asali iliyotakaswa kwa majeraha. Kwa hiyo aliyechanganya samli, nta na asali chini ya mti Ukambani hakuwa anabahatisha.

Lakini sitaki mtu yeyote aondoke kwenye redio hii akaenda kupaka samli kwenye kidonda kilichotota. Ninalisema hili kwa uzito wote nilio nao.

Samli ikikauka maji vizuri, vijidudu wengi hawaoti ndani yake. Tatizo ni mbegu za pepopunda. Hizo hukaa ardhini na kwenye mavi ya ng'ombe, na hustahimili moto ajabu. Hospitalini, vifaa hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Mafuta hayatakaswi hivyo, kwa sababu mvuke hauyaingii. Yanahitaji joto kavu, nyuzi 160 kwa saa mbili. Samli ya jikoni haikai kwenye joto hilo kwa muda wote huo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti nchini Pakistani walikuwa wamegundua kwamba watoto wachanga waliopakwa samli kwenye kitovu walikuwa katika hatari zaidi ya pepopunda, wakaufuatilia uchafu huo hadi kwenye mavi ya ng'ombe yanayotumika kama kuni za kupashia samli hiyo. Mama unayenisikiliza, kitovu cha mtoto mchanga si mahali pa samli, si mahali pa majivu, si mahali pa mavi ya ng'ombe. Muulize muuguzi dawa ya kitovu, na uwe umechanjwa pepopunda ungali mjamzito.

Mahali palipoungua moto sasa hivi pia si mahali pa samli. Maji safi yasiyo ya barafu, dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha hospitali ikiwa pameungua pakubwa au usoni au ni mtoto. Najua maji ni shida. Hata hivyo mtungi mmoja wa maji uliomwagwa juu ya mkono wa mtoto hautapotea bure. Jeraha la kuumwa na nyoka, hospitali mara moja, bila kuchanja wala kupaka. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, hospitali. Na ule mrututu niliosema nitaurudia: ni chumvi ya shaba, huchoma nyama hai na huharibu ini na figo ukiingia mwilini kwa wingi. Katika jatyadi hutiwa kwa kiasi kidogo baada ya kutayarishwa kwa moto, na wenye kujua kazi hiyo. Usiuguse nyumbani.

Hata kiluma wetu ana mambo yake. Ukikata jani lake, kwanza hutoka utomvu wa njano mchungu, kisha ndani mna nyama yenye ute mweupe. Utomvu wa njano huwasha ngozi na huendesha tumbo ukimezwa. Ute ndio unaopoza. Na ute huo karibu wote ni maji, kwa hiyo ukiutia kwenye samli ya moto umeitia maji, na usipoyapika yakaisha, samli itachacha na kuota ukungu. Mwaitu wa zamani alijua haya, naamini, kwa sababu dawa yake haikuota ukungu. Lakini alijua kwa mkono. Katika vitabu, kama kile mashuhuri cha Profesa John Kokwaro kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976, utaupata mmea, utaupata ugonjwa, utalipata jina kwa lugha mbalimbali. Ni kazi kubwa iliyotuokolea mengi. Upishi wenyewe, hatua kwa hatua, kwa ninavyojua bado haujaandikwa.

Kwa nini ninasisitiza kuandika? Sikiliza kisa hiki cha manjano.

Mwezi Machi 1995, ofisi ya hataza ya Marekani ilikipa chuo kimoja cha tiba cha jimbo la Mississippi hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Ndiyo, manjano, vidonda. Kitu ambacho kila bibi wa Kihindi alimfanyia mjukuu aliyejikwaa kikawa uvumbuzi wa Marekani, mali ya mwenye hataza. Baraza la utafiti wa kisayansi la India likapinga. Halikwenda na maandamano. Lilikwenda na maandishi zaidi ya 30, mengine ya Kisanskriti na Kiurdu, yakionyesha kwamba matumizi hayo yalijulikana na yalichapishwa zamani. Mwaka 1997 hataza ile ikafutwa. Ikafuata vita ya mwarobaini huko Ulaya, ambako hataza ya dawa ya ukungu iliyotokana na mafuta yake ilifutwa mwaka 2000, rufaa nayo ikaangushwa mwaka 2005. India ikajenga maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi ili wakaguzi wa hataza duniani wasiwe na kisingizio cha kutojua.

Sasa jiulize. Kesho mtu akienda ofisi hiyo hiyo na samli iliyopikwa kwa gamba la musemei na nta ya miatu, sisi tutapeleka nini? Kumbukumbu ya mwaitu haitapokelewa kama ushahidi, na mwaitu mwenyewe huenda hayupo.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, inayosema jamii ndiyo yenye maarifa yake, ridhaa yake iombwe kabla, na faida igawanywe. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za jadi. Bodi ya Dawa na Sumu husajili dawa za mitishamba, na Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ina kituo chake cha dawa za jadi. Kwa mshubiri mwitu zilitungwa kanuni mwaka 2007, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa hiyo anayetaka kuvuna kiluma kwa biashara asifikirie kwenda porini na panga, apande. Hayo yote ni mazuri. Lakini sheria inalinda kitu kilichopo mezani. Meza yetu ni tupu, na utupu huo hautokani na ukosefu wa maarifa.

Ndiyo maana macho yangu yako Kwa Vonza. Sioni chuo kilichokaa vizuri zaidi kwa kazi hii. Wana wataalamu wa mifugo na kilimo cha nchi kavu, wana wanasayansi wa afya, na wana wanafunzi ambao nyanya zao wanaishi Mutomo, Mwingi, Wote, Kibwezi na Mbooni. Wala kazi ya kuanzia haihitaji mamilioni. Inahitaji mizani, kipimajoto, saa, na heshima. Umwendee mzee kwa ridhaa yake na ya jamii yake. Umwombe apike, usimwombe aeleze tu. Maana mikono yake itasema yale ambayo ulimi umeyasahau. Upime anachotia, upime moto, uandike dakika, uandike anasikiliza nini na anatazama nini kabla hajaepua. Kisha mkebe wa samli hiyo uende maabara: ina maji kiasi gani, ina vijidudu gani, inachacha baada ya miezi mingapi, inasaidia kidonda kweli au haisaidii. Ikiwa haisaidii, tuseme hivyo hadharani. Ikisaidia, tutafute namna ya kuitakasa bila kuiua, ili muuguzi wa zahanati aweze kuitumia bila hofu.

Nazisihi serikali za kaunti za Kitui na Makueni zitie mkono. Asali ya Kitui imepata jina sokoni. Nta yake na samli ya ng'ombe wetu bado ni malighafi zinazouzwa rahisi. Malhamu ya visigino na ngozi kavu, isiyodai kuponya chochote, inaweza kutengenezwa na kikundi cha akina mama hata mwaka huu, ikipimwa na shirika la viwango. Hiyo ingewalipa huku utafiti wa kidonda ukiendelea kwa mwendo wake, ambao si wa haraka na haupaswi kuwa wa haraka.

Waganga na wazee wetu, nawaelewa mnapoficha. Mmeshawahi kuulizwa, mkajibu, aliyeuliza akaenda zake na hamkumwona tena. Dai lenu ni halali. Mdai karatasi ya makubaliano kabla ya kufungua mdomo, na sheria ya 2016 iko upande wenu. Lakini msiondoke duniani na maarifa yenu.

Na wewe mwanafunzi wa Kwa Vonza unayenisikiliza ukiwa bwenini, likizo ijayo usirudi nyumbani mikono mitupu. Chukua daftari na mizani, kaa jikoni na mwaitu siku anapopika, andika kipimo, moto na saa, na juu ya ukurasa wa kwanza, akikuruhusu, andika jina lake.